Mwalimu wa Shabaha za Kioo

Kila alichokishika alikigeuza. Ukimpa kikombe cha chai, kabla ya kunywa alikizungusha taratibu akatazama upande wa pili. Ukimpa mtoto mchanga, alimkagua uso, akamgeuza akamkagua kisogo, ndipo akasema, "Mzuri," na mama mtu akapumua. Mimi mwenyewe nilikaguliwa siku ya kwanza. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha Kiswahili katika shule ya wasichana nje kidogo ya mji wa Tabora, miaka kama kumi baada ya Azimio la Arusha, nikapewa kuishi naye nyumba moja, vyumba vyetu vikitazamana, jiko moja. Nilimkuta barazani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba." Akaniangalia usoni, kisha akanizunguka hadi nyuma. "Gauni lako limefumuka begani. Karibu."

Shuleni tulimwita Mwalimu wa Fizikia. Baadaye alikuja kijana mwingine kufundisha somo hilo hilo, lakini yule tulimwita kwa jina lake. Cheo kilikuwa na mwenyewe, nami nitamwacha hapa na cheo chake, kwa kuwa hakupenda jina lake lizungumzwe mahali ambapo hayupo.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa amesoma ng'ambo, akabaki huko miaka kadhaa akifanya kazi. Neno hilo lilimletea taabu, maana kwetu Tabora Ng'ambo ni mtaa, una wauza mboga na mafundi cherehani na kelele zake. Muuza nyanya mmoja wa huko, mama wa Kinyamwezi mwenye sauti nene, alisikia kwamba mteja wake huyu aliwahi kufanya kazi ng'ambo, akashangaa kwa dhati.

"Kwa nani? Mbona mimi niko hapa tangu uhuru, sijapata kukuona?"

"Nilikuwa nashinda ndani," Mwalimu wa Fizikia akamjibu, huku akiendelea kugeuza nyanya.

Aligeuza nyanya zote za fungu, akarudisha karibu zote, mpaka yule mama akamwambia, "Mayu, mama yangu, hizo ni nyanya, si mayai ya kuatamia!" Lakini haukupita muda mrefu yule mama akaanza kumwekea pembeni zile nzuri. Mwalimu alizipokea, akashukuru, akazigeuza nazo.

Nilikaa naye miezi mingi kabla ya kuelewa kazi yake ya huko ilikuwa nini. Nilimwuliza jikoni, akiwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Hivi dada, kule ulikuwa unafanya kazi gani hasa?"

"Nilikuwa natengeneza shabaha."

"Za jeshi?"

"Jeshi gani! Unaujua ulezi?"

"Naujua."

"Basi fanya punje moja ya ulezi ni nyumba. Nilichokuwa nakitengeneza mimi ni mtungi uliomo ndani ya nyumba hiyo."

Akanieleza, na kwa kuwa hakujua kueleza jambo nusu, mchele uliwekwa kando na chakula kikachelewa. Huko alikokuwa, wanasayansi walikuwa na mtambo uliojaa ukumbi mzima. Mtambo ule ulikusanya mwanga wa aina ya pekee, uitwao leza, ukauachia wote kwa pamoja juu ya sehemu moja ndogo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Pale penye ile sehemu ndipo ilipowekwa shabaha: tufe la kioo, tupu ndani kama ganda la yai lililonyonywa, limejazwa hewa maalumu. Mwanga ulilibana pande zote hadi moyo wake ukawaka kama jua. Huo moto wa jua ndio walioutafuta.

"Sasa ganda likiwa nene upande mmoja na jembamba upande mwingine," alisema, "linapasukia ubavuni, na kazi ya watu wote imekwenda bure. Kwa hiyo kabla ya kupigwa lazima mtu alitazame. Mtu huyo nilikuwa mimi."

Yale matufe yaliletwa yakiwa kama unga. Alichukua chembe chache za ule unga akaziweka chini ya hadubini, akaanza kuchagua. Mwanga ulipopita kwenye ganda ulichora duara za rangi, kama zile za mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Duara zikikaa katikati sawasawa, ganda ni sawa. Zikiegemea pembeni, tupa. Na hilo lililo sawa lilipaswa kubiringishwa litazamwe ubavu mwingine, maana laweza kukudanganya upande mmoja. Asubuhi nzima ilikwisha kwa kupata moja. Ndipo alipolinyanyua kwa unywele wa kope uliogandishwa kwenye kijiti, akalipachika juu ya uzi wa kioo kwa tone la gundi ambalo kwa macho matupu halionekani.

"Kope za nani?"

"Zangu. Za wenzangu zilikuwa laini mno, zinapinda."

"Na ukishalipachika?"

"Wanalipiga."

"Halafu?"

"Halafu hakuna kitu. Hata vumbi halibaki."

"Na wewe unatazama?"

Akauvuta ungo wake. "Mimi niko chumba kingine, nachagua la kesho."

Mtu akisikia habari hizi atadhani nyumba yetu iling'aa. Haikung'aa. Chumba chake kilikuwa kama stesheni siku ya treni: nguo juu ya vitabu, vitabu juu ya sufuria, sufuria chini ya kitanda. Ugali wake ulikuwa na madonge ambayo wala hayakuhitaji hadubini. Nilimwambia, naye akakubali bila kinyongo kwamba mkono wake unaweza kitu kidogo tu, kitu kikishakuwa kikubwa kuliko kucha haukijui tena.

Zilikuwa siku za elimu ya kujitegemea, na kila mwalimu alikuwa na sehemu yake kwenye shamba la shule pamoja na wasichana wake. Matuta ya Mwalimu wa Fizikia yalikwenda kama njia ya ng'ombe. Msimu wake wa kwanza wa karanga alipewa palizi, akapalilia siku nzima kwa bidii, amechuchumaa, anakagua mche mmoja mmoja. Jioni Mkuu wa Shule akaja kutazama, akashika kiuno. Mwalimu alikuwa ameng'oa kila mche wa karanga uliodhoofika na kuacha magugu yote yenye afya.

"Mwalimu, haya ni magugu!"

"Lakini hayana kasoro," alisema, na hakuwa anatania.

Mkuu wa Shule alikuwa mwanamke mkali aliyempenda kwa siri. Hakuelewa ni kwa nini wasichana wa kidato cha tatu wapoteze vipindi vizima wakivuta nyuzi za kioo juu ya taa ya spiriti. Mwalimu aliwafundisha kuyeyusha kijiti cha kioo katikati, kukivuta kwa pumzi moja hadi kiwe uzi, kisha kuirudisha ncha ya uzi motoni ijikunje iwe tufe. Tufe lililetwa chini ya hadubini, yeye akatazama, akaligeuza, akatazama tena. Neno lake lilikuwa moja: "Bado." Wasichana walitoka mle wamevimba macho. Lakini hata lake mwenyewe alilitengeneza mbele yao, akalitazama, akasema, "Bado," akalitupa kwenye kopo pamoja na yao.

Siku moja wakaja wageni kutoka mkoani, mmoja wao akauliza kwa upole, "Mwalimu, haya yatamsaidiaje mwanakijiji?"

"Sijui," akajibu.

Mkuu wa Shule akaona aibu, wageni wakaandika, wakaondoka. Jioni ile mvua ilinyesha kubwa. Mwalimu wa Fizikia akavaa koti, akatoka, akaenda hadi nyumbani kwa Mkuu wa Shule, akabisha hodi. Nilisimuliwa na Mkuu mwenyewe. Alimfungulia akamkuta amelowa chapachapa.

"Kuna nini, mwalimu?"

"Nimelifikiria lile swali. Bado sijui." Akaaga, akarudi nyumbani.

Ulimi wake uliumiza watu. Hakujua kusema gauni baya ni zuri, wala kumwambia mzazi kwamba binti atafaulu kama hatafaulu. Lakini niliposhikwa na malaria hadi nikaweweseka, aliyekaa kitandani pangu ni yeye, akinipa uji kwa kijiko kidogo cha maabara kwa sababu vile vya jikoni, alisema, vinamwaga. Alinifunua macho akayatazama, akanigeuza akanifuta mgongo, akatoka. Nilimsikia kupitia ukutani akilia taratibu. Asubuhi nilipoamka na nafuu aliniambia tu kwamba rangi imerudi.

Kisha akaja yule mgeni.

Alikuwa mzungu mzee, mkuu wake wa kazi wa zamani. Alikuja Nairobi kwenye mkutano, na badala ya kurudi kwao akashika njia hadi Tabora, akashuka kwenye treni ametapakaa vumbi, ameshikilia kifuani kijisanduku ambacho hakumwachia mtu. Tulimpikia kuku. Baada ya kula alifungua kijisanduku. Ndani mlikuwa na kichupa cha matufe ya kioo na nyuzi zake. Aliongea Kiingereza, polepole ili nami nifuate. Alisema wamejenga mtambo mpya, mkubwa kuliko ule wa kwanza, na mafundi aliokuwa nao sasa walikuwa wanavunja zaidi ya wanavyopachika. Aliomba ampachikie machache, ayabebe.

"Na mkono wangu kama umesahau?" Mwalimu akauliza.

"Hilo ndilo nililokuja kuona."

Ulikuwa msimu wa upepo, vumbi la Tabora likiingia hata kwenye ugali. Aliamka alfajiri ili awahi kabla upepo haujaanza. Alifunga madirisha ya chumba kidogo cha maabara, akamwaga maji sakafuni, akatundika kanga mbichi mlangoni. Mimi niliambiwa nikae ndani nisitembee. Mgeni alikaa nyuma yake.

Tufe la kwanza liliruka kutoka kwenye kope likapotea. La pili likaruka. La tatu lilifika hadi kwenye uzi, akapumua, likaenda. Nikaona shingo yake imelowa jasho. Bila kugeuka akamwomba mzee atoke. Mzee akatoka.

"Na mimi nitoke, dada?"

"Wewe kaa. Zungumza."

"Nizungumze nini?"

"Chochote. Kukiwa kimya mkono unajisikiliza."

Nikamsimulia harusi ya mtaa wa Isevya ambayo mji mzima ulikuwa ukiicheka wiki ile. Bwana harusi alikuwa anatoka Kigoma, treni ikaharibika porini. Wageni walingoja, wakangoja, pilau ikaanza kupoa, mshenga akasema tule kidogo kumwondolea bwana harusi mkosi. Wakala kidogo. Wakaongeza. Bwana harusi alipofika kesho yake, kanzu imekunjamana, amebeba samaki wa zawadi walioanza kunuka, alikuta ukoko chini ya sufuria na bibi harusi aliyenuna. Akaketi akaukwangua ule ukoko, akala, akasema haijawahi kupikwa pilau tamu kama hiyo. Bibi harusi akacheka, ndoa ikafungwa.

Nilisimulia nikitazama mgongo wake. Haukutikisika. Nilipofika kwenye ukoko alikuwa anagandisha. Nilipomaliza aliweka kijiti chini, akasogea mbali na meza, ndipo akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa ameyapachika yote aliyoombwa.

Mzee aliingia, akainama kwenye hadubini. Alitazama moja, akaligeuza, akatazama tena. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alivua miwani na hakuivaa.

"Njoo," alisema. "Nafasi yako ipo. Nitaandika popote utakaponiambia niandike."

Nilidhani ataomba muda wa kufikiri. Alisema, "Nitakuja," kabla mzee hajafunga mdomo.

Nilimfurahia, na usiku sikulala vizuri. Nilikwisha kumzoea, pamoja na madonge yake.

Ombi lilipelekwa kwa afisa elimu, likapanda kwenda Dar es Salaam. Alianza kupanga chumba chake, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Alinigawia sufuria zake na blanketi. Mvua zikaja, zikaisha. Kisha afisa elimu akamwita ofisini.

Nilimwona kupitia dirisha la jiko akirudi kwa miguu. Alikuwa amevaa gauni jeupe, lile la kwendea kwa wakubwa. Aliingia jikoni, akatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba siyo, akaketi juu ya gunia la mkaa.

"Wamekataa," alisema. "Walimu wa sayansi ni wachache. Taifa linanihitaji."

Niliketi naye pale pale juu ya mkaa, na gauni langu.

Lililofuata ndilo lililomuuma zaidi. Sijui nani alianza, lakini mjini ikaenea habari kwamba Mwalimu wa Fizikia aliitwa na wazungu akawakatalia. Ilikuwa habari tamu, na ulikuwa wakati wa habari za namna hiyo. Siku moja kwenye paredi ya asubuhi afisa elimu mwenyewe alisimama mbele ya shule nzima akamsifu: huyu ni mama aliyeiacha mishahara ya Ulaya akachagua chaki na jembe la nchi yake. Wasichana wakapiga makofi na vigelegele. Yeye alisimama kwenye mstari wa walimu, mikono nyuma, hatazami mtu.

Jikoni aliniambia, "Wananifanya shujaa kwa kitu nilichonyimwa."

"Nyamaza tu, dada. Yatapita. Wala hawakukutukana."

"Mdogo wangu, wale wasichana nimewafundisha kutazama. Watazame nini sasa?"

Wiki ile ile msichana wa kidato cha nne, binti wa wafugaji kutoka Igunga, alinyoosha mkono katikati ya kipindi. "Mwalimu, ni kweli ulikataa kwenda Ulaya kwa ajili yetu?"

"Si kweli," akasema. "Niliomba ruhusa, nikanyimwa. Ningepewa ningekwenda. Sasa nipo, na kipindi kinakwisha. Chora ile saketi."

Kufika mchana kila mtu alikuwa amesikia. Afisa elimu alikasirika, naye kwa upande wake alikuwa na haki, maana alikuwa amesema yale mbele za watu akiamini ni kweli. Mkuu wa Shule aliitwa mkoani akamtetea, akarudi na maumivu ya kichwa. Mwalimu wa Fizikia hakufukuzwa. Ila hakupandishwa cheo tena, na wageni walipokuja maabara haikuwa tena kati ya vyumba vya kuonyeshwa. Kuhusu wasichana, niliogopa watamchukia. Mkosi wangu ulikuwa kusahihisha insha zao za muhula ule, na nusu ya darasa walikuwa wameandika juu yake. Walikuwa wamesikitika, wengine walikuwa na hasira kweli. Lakini hakuna hata mmoja aliyeandika uongo.

Yule mzee aliyachukua matufe yake. Tulisikia baadaye kwamba yalifika salama na yakapigwa.

Mimi nilihamishiwa Igunga. Nikaolewa huko, nikazaa, nikafundisha watoto wa wakulima wa pamba mpaka nywele zikabadilika. Tuliagizana salamu kwa watu. Alipostaafu nilisikia amehamia Isevya, na siku moja nilipokwenda Tabora kumpeleka binti yangu hospitali, nilipita kumwona.

Nyumba ilikuwa ndogo, baraza limefagiliwa. Nilipiga hodi, akatoka. Alikuwa amekonda, miwani mikubwa. Tulishikana mikono tusiiachie.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umenenepa. Ingia."

Tulikunywa chai na matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemshwa ambavyo zamani tulikula mwisho wa mwezi. Tulitaja waliokufa. Nilikuwa na swali nililolibeba miaka yote ya Igunga, nikaona nisipouliza leo nitarudi nalo.

"Dada, ulijuta? Kutokwenda?"

"Nilijuta," alisema. "Nilijuta muda mrefu sana. Nilikuwa nafundisha huku najuta, nalima huku najuta. Halafu asubuhi moja nikiwa nafunga viatu nikaona majuto hayapo. Nikayatafuta. Ni kama njaa, ukichelewa sana kula huwa inaondoka yenyewe."

"Yaliondoka kwa sababu gani?"

"Sijui," akasema, nami nikacheka, naye akacheka.

Mlango wa nyuma ukapigwa teke ukafunguka. Akaingia mwanaume wa makamo yake, mrefu, shati limefungwa vifungo vimepishana, kiatu kimoja hakina kamba, amebeba ndoo mikono miwili na kumwagamwaga njiani.

"Tuna mgeni! Hamjambo! Nimetoka kwenye mizinga, nyuki wameniuma mpaka kwenye sikio, tazama!"

"Huyu ni mume wangu," Mwalimu wa Fizikia akaniambia. "Alikuwa gadi wa treni. Tumeoana mwaka jana."

Mzee akatua ndoo katikati ya sebule, juu ya mkeka safi, asali ikachuruzika ubavuni. Nilichungulia. Mlikuwa na masega yaliyovunjika, magome ya mti, majivu na nyuki waliokufa. Yeye alikuwa tayari ameanza kutusimulia jinsi alivyoanguka kutoka mtini, akionyesha kwa mikono, akigonga kikombe changu.

Mwalimu wa Fizikia aliingiza vidole kwenye ndoo, akamega kipande cha sega, akakitia mdomoni. Alitafuna huku macho yake yakiwa kwa mzee na hadithi yake. Baada ya kitambo akatoa bawa la nyuki mdomoni, akalipangusa kwenye kanga bila kulitazama, akamega kipande kingine.